Kusomesha Mtoto Nyumbani Marekani: Barua Kwanza, Vitabu Baadaye

Tulipokuwa Houston, jirani yetu, mama mmoja wa Bukavu, aliniambia maneno ya kweli tupu: "Huku hakuna wa kumwomba ruhusa. Andikia shule barua, nunua vitabu, kaa na watoto wako." Nikafanya hivyo, mwaka ukaisha salama. Kisha kazi ikatuhamishia Lancaster, Pennsylvania. Watoto wakaingia shule ya pale miezi michache, mambo hayakwenda vizuri, nikawatoa vilevile nilivyowatoa Texas: barua ya mistari mitatu, vitabu mezani, Jumatatu tumeanza. Wiki ya tatu ikaja bahasha yenye nembo, na ndani yake neno moja lililonitoa jasho: utoro.

Hakuna aliyenionea. Watoto wangu walikuwa wanasoma kila siku, mkubwa alikuwa ameshamaliza somo la sehemu (nusu, robo) katika hesabu, lakini kwa macho ya sheria ya Pennsylvania walikuwa wametoroka shule, kwa sababu karatasi niliyotakiwa kuipeleka kabla ya kuanza sikuwa nimeipeleka. Sheria ya Texas ilikuwa imebaki Texas. Nilikimbia, nikajaza hati ya kiapo, mambo yakatulia. Tangu siku hiyo, ndugu au rafiki akinipigia simu kuniuliza juu ya kusomesha nyumbani, swali langu la kwanza halihusu mtaala wala vitabu. Namwuliza: uko jimbo gani?

Mimi si wakili. Ninayoandika hapa ni njia ya kuisoma sheria ya jimbo lako mwenyewe, pamoja na mifano ya majimbo ambako Waswahili tumejaa.

Hatua ya 1: Acha kutafuta "sheria ya Marekani"

Sisi tuliosoma Tanzania au Kenya tumezoea wizara moja. Mtaala unatoka sehemu moja, na mtihani wa darasa la saba Tanzania unafanywa siku zilezile kuanzia Mtwara hadi Bukoba. Marekani haiko hivyo. Katiba yao haitaji elimu hata kwa neno moja, na Marekebisho ya Kumi yanayaachia majimbo yale yote ambayo serikali ya shirikisho haikupewa. Kwa hiyo Idara ya Elimu ya Washington haina fomu ya kukupa wala kibali cha kukunyima. Kusomesha nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50, ila kila jimbo lina masharti yake.

Kuna hukumu moja inayofaa kujulikana, maana mengi yanatoka humo. Oregon ilitunga sheria ya kumlazimisha kila mtoto asome shule ya serikali. Mwaka 1925, katika kesi ya Pierce, Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta na kusema kwamba mtoto si kiumbe cha serikali tu. Wanaomlea wana haki na wajibu wa kumwandalia maisha. Lakini hukumu hiyohiyo ilikubali kwamba jimbo lina mamlaka ya kusimamia shule kwa kiasi kinachofaa na kudai kila mtoto asome. Mzazi ana haki, jimbo nalo lina jicho. Majimbo yanatofautiana katika ukali wa jicho hilo tu.

Hatua ya 2: Hesabu umri kwa karatasi

Kila jimbo lina umri wa elimu ya lazima. Texas na Pennsylvania huanzia miaka 6, Minnesota na North Carolina 7, na Washington (jimbo la Seattle, si mji mkuu) huanzia 8. Kwa mtoto ambaye hajafika umri huo huhitaji kumwandikia barua mtu yeyote. Tahadhari ni moja: Texas, ukishamwandikisha chekechea kwa hiari yako, analazimika kuhudhuria kama wakubwa mpaka umtoe rasmi.

Umri unaohesabika ni ule ulio kwenye karatasi. Wengi waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma wamesajiliwa kuwa wamezaliwa Januari 1, hata kama mama anakumbuka vizuri kwamba ilikuwa msimu wa kuvuna mahindi. Ofisi itahesabu Januari 1. Arizona, kwa mfano, hudai hati ya kiapo iende kwa msimamizi wa shule wa kaunti ndani ya siku 30 tangu kuanza, pamoja na ushahidi wa kuzaliwa. Asiye na cheti cha kuzaliwa aulize mapema ni hati gani nyingine inakubalika, asingoje siku ya 29.

Hatua ya 3: Soma sheria yenyewe, na utazame tarehe yake

Ingia kwenye tovuti ya Idara ya Elimu ya jimbo lako, ile ambayo anwani yake inaishia na .gov. Karibu kila jimbo lina ukurasa wa kusomesha nyumbani, na chini yake namba ya kifungu cha sheria. Inakili namba hiyo. Siku utakapobishana na karani, itakusaidia kuliko kusema "nilisikia".

Tarehe ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Chukua Ohio, ambako Columbus na vitongoji vyake kuna jamii kubwa kutoka Afrika Mashariki. Hadi 2023 mzazi wa Ohio alitakiwa kuahidi saa 900 kwa mwaka, kuonyesha kwamba ana cheti cha sekondari, na kupeleka tathmini ya mtoto kila mwaka. Tarehe 3 Oktoba 2023 sheria mpya ilianza kutumika na hayo yote yakaondoka. Sasa unampelekea mkuu wa wilaya ya shule taarifa ndani ya siku tano tangu kuanza, kuhamia wilaya hiyo au kumtoa mtoto shuleni, na baada ya hapo kila mwaka kufikia Agosti 30. Katika taarifa unaahidi kufundisha Kiingereza, hesabu, sayansi, historia, uraia na maarifa ya jamii. Ofisi inatakiwa kukujibu kwamba imeipokea. Basi. Lakini kwenye makundi ya WhatsApp bado zinazunguka sauti za kina mama wakielezana habari za saa 900, na kuna wazazi wanaolipia tathmini isiyodaiwa na mtu.

Hao wakuu wa wilaya ya shule tuwaeleze kidogo, maana neno linatupoteza. Wilaya hapa si ile ya kwetu yenye DC, mkuu wa wilaya wa serikali. Ni eneo la shule tu, lenye bodi yake na kodi yake, na mkuu wake kila mtu humwita superintendenti. Mji mmoja unaweza kuwa na wilaya za shule kadhaa, na barua iliyoenda wilaya ya jirani ni kama haikutumwa.

Jambo jingine: ukipiga simu wilayani, sikiliza kwa adabu, kisha linganisha na kifungu. Mara nyingi fomu ya wilaya huuliza zaidi ya sheria inavyodai: namba ya hifadhi ya jamii, ratiba ya kila siku, sababu za kumtoa mtoto. Yale ambayo sheria haiyataji unaweza kuyaacha wazi.

Hatua ya 4: Jua jimbo lako limesimama wapi

Watu hupenda kuyagawa majimbo kwa ukali. Mimi naona mafungu matatu yanatosha.

Kwanza yale yasiyotaka taarifa. Texas ndiyo mfano mkubwa. Mwaka 1994, katika kesi ya Leeper, Mahakama Kuu ya Texas ilithibitisha kwamba shule ya nyumbani ni shule binafsi. Sharti ni kufundisha kwa dhati, si kwa jina, kwa mtaala ulioandikwa unaogusa kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Hakuna usajili wala mtihani. Idaho nayo, ambako Boise imepokea Wakongo wengi, haidai taarifa. Inadai tu mtoto afundishwe masomo yanayofundishwa kwa kawaida katika shule za serikali.

Fungu la kati hutaka kujua kwamba upo. Kentucky ni mfano mzuri, na Louisville na Lexington ni miji ambayo ukiingia duka la vyakula vya Kiafrika unaweza kununua dagaa na kupiga soga kwa Kiswahili bila kutafuta mkalimani. Huko shule ya nyumbani ni shule binafsi pia. Unamwandikia superintendenti ndani ya siku kumi za mwanzo za mwaka wa shule ukitaja majina, umri na makazi ya watoto, unafundisha angalau siku 170 zenye jumla ya saa 1,062, na unatunza daftari la mahudhurio na ripoti za maendeleo. Georgia, ambako wengi wetu wanaishi Clarkston na Atlanta, hutaka tamko kwa Idara ya Elimu ya jimbo ndani ya siku 30 tangu kuanza na kisha kila mwaka kufikia Septemba 1, siku 180 za masomo zenye saa nne na nusu kila siku, na mtihani sanifu kila baada ya miaka mitatu kuanzia mwisho wa darasa la 3. Matokeo unakaa nayo mwenyewe.

Fungu la tatu ni wakali. New York hutaka barua ya nia kufikia Julai 1, au ndani ya siku 14 ukianza katikati ya mwaka. Wilaya inakuletea fomu ya mpango wa masomo, ambao wenyewe huuita IHIP. Unaujaza somo kwa somo, vitabu na mada, kisha unapeleka ripoti nne kwa mwaka na tathmini mwishoni. Saa ni 900 kwa darasa la 1 hadi la 6, na 990 kuanzia la 7. Massachusetts imekwenda mbali zaidi: tangu hukumu ya 1987, unahitaji idhini ya wilaya kabla ya kuanza. Huko kutangulia na vitabu ni kosa lenyewe.

Na Pennsylvania yangu. Sheria yake ni ya 1988. Kabla ya kuanza, na kila mwaka kufikia Agosti 1, unawasilisha hati ya kiapo yenye malengo ya kila somo, ushahidi wa chanjo na wa huduma za afya. Mwaka mzima unakusanya jalada la kazi za mtoto. Siku 180, au saa 900 kwa wadogo na 990 kwa wakubwa. Mitihani sanifu darasa la 3, la 5 na la 8. Mwishoni mtathmini anayekubalika kisheria, kwa mfano mwalimu mwenye leseni, anaongea na mtoto, anapitia jalada, na barua yake inafika wilayani kufikia Juni 30. Ukisikia hivi unaona mlima. Kumbe ukishawasilisha hati ya kiapo iliyokamilika unaanza siku hiyohiyo, bila kungoja idhini. Ndiyo maana kosa langu liliniuma. Karatasi yenyewe ilikuwa kazi ya jioni moja.

Neno la hati ya kiapo lisikutishe. Kwetu mtu hufikiria ofisi ya wakili na ada nzito. Hapa anayeshuhudia sahihi yako huitwa notari, naye si lazima awe wakili. Anaweza kuwa karani wa benki yako, mwenye muhuri, na pengine hakutozi hata senti. Nenda na kitambulisho, na usitie sahihi mpaka uwe mbele yake.

Hatua ya 5: Cheti cha mzazi

Hapa ndipo simu nyingi huniishia. Georgia, North Carolina, Tennessee, Virginia na Pennsylvania hutaka anayefundisha awe na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Texas, Kentucky, Minnesota, na sasa Ohio, hazimwulizi mzazi cheti. Washington ina njia zake: krediti 45 za chuo (yaani vipimo vya masomo uliyomaliza, si mkopo wa pesa) kwa hesabu ya robo mwaka, au kozi maalumu ya wazazi, au kusimamiwa na mwalimu mwenye leseni.

Mwenye cheti cha kidato cha nne, KCSE au diploma ya serikali ya Kongo asijidharau. Kipeleke kwenye huduma ya kulinganisha vyeti vya nje, upate karatasi ya Kiingereza inayosema kinalingana na nini, na uiambatanishe. Cha Kongo kiko kwa Kifaransa, kwa hiyo andaa pia tafsiri rasmi. Usingoje wakudai: karani ambaye hajawahi kukiona cheti cha Bukavu atakiweka pembeni, na pembeni ndiko karatasi zinakofia.

Ambaye cheti kiliungua au kilibaki vitani ana njia mbili. Ya kwanza ni mtihani wa GED, unaolingana na cheti cha sekondari, na vituo vingi vya elimu ya watu wazima hufundisha maandalizi yake bure. Ya pili ni kutazama kama jimbo lako lina mlango mwingine. Georgia humruhusu mzazi kuajiri mwalimu mwenye cheti hicho cha sekondari. Virginia humkubali mzazi anayeweza kuonyesha kwa njia nyingine kwamba ana uwezo wa kumpa mtoto elimu ya kutosha. Nchini humu, mlango wa pili mara nyingi umeandikwa mstari wa mwisho wa kifungu, kwa herufi ndogo, baada ya msomaji kukata tamaa.

Hatua ya 6: Je, naweza kufundisha kwa Kiswahili?

Swali zuri, na jibu lake lina sehemu mbili.

Kiswahili kama somo, fundisha bila hofu jimbo lolote. Mwaka 1920, Nebraska ilimshtaki mwalimu wa shule ya kanisa, Robert Meyer, kwa kumsomesha mtoto wa miaka kumi kusoma Kijerumani katika kitabu cha hadithi za Biblia. Sheria ya jimbo, iliyotungwa baada ya Vita vya Kwanza, ilikataza kuwafundisha watoto wadogo lugha nyingine. Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa Meyer ushindi, ikasema haki ya mwalimu kufundisha na ya wazazi kumwajiri inalindwa na Katiba. Kila nikimsikia mzazi akisema ameacha kuongea Kiswahili nyumbani "ili mtoto asichanganyikiwe", namkumbuka yule mwalimu aliyekwenda mahakamani kwa ajili ya hadithi za Biblia.

Kiswahili kama lugha ya kufundishia hesabu na sayansi ni jambo jingine. Kentucky sheria inasema shule binafsi zifundishe kwa Kiingereza, na shule ya nyumbani imo humo. Illinois ni vilevile: masomo yanayolingana na ya shule za serikali, kwa Kiingereza. Hakuna polisi atakayesimama dirishani kusikiliza ukieleza sehemu kwa mfano wa chapati. Lakini vitabu vya msingi, kazi zilizoandikwa na jalada viwe kwa Kiingereza. Hata pasipodaiwa, mtihani sanifu utakuja kwa Kiingereza.

Hatua ya 7: Barua ya kumtoa

Kama mtoto hajawahi kuandikishwa shule, ruka hatua hii. Kama ameandikishwa, hapa usikosee. Kumwambia mwalimu getini, hata kama mlikumbatiana na kuagana kwa machozi, si kumtoa. Mfumo wa kompyuta utaendelea kumhesabu hayupo. Pennsylvania, siku tatu bila sababu inayokubalika humfanya mtoto kuwa mtoro kisheria, na siku sita humfanya mtoro sugu, hapo tena suala linaweza kufika mbele ya hakimu.

Barua iwe fupi: tarehe, jina kamili la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, darasa, siku ya mwisho ya kuhudhuria, sentensi moja kwamba kuanzia tarehe fulani atasomeshwa nyumbani kwa mujibu wa kifungu fulani, na ombi la nakala ya rekodi zake. Sahihi. Usieleze ugomvi wako na mwalimu wala masimango ya watoto kwenye basi. Una haki ya kuyalalamikia, ila kwa barua nyingine. Na mpangilio ni huu: majimbo yanayotaka taarifa au idhini, hiyo itangulie au iende siku moja na barua ya kumtoa. Mimi niliigeuza, na mnajua yaliyonipata.

Itume kwa rejista kutoka posta, na ulipie ile kadi ya kurudisha sahihi ya mpokeaji. Ni kadi ya kijani. Tumezoea kuhangaikia kadi ya kijani nyingine kabisa, lakini hii nayo itunze: ndiyo inayothibitisha siku waliyoipokea barua yako. Ukipeleka kwa mkono, nenda na nakala mbili na uwaombe wagonge muhuri wa tarehe kwenye yako.

Hatua ya 8: Daftari na mitihani

Hata jimbo lisipodai, andika. Daftari la mistari linatosha: tarehe, somo, kurasa, saa. Kila mwezi chukua kazi mbili tatu za kila somo, pamoja na zile mbaya, maana jalada lenye kazi nzuri tupu halionyeshi maendeleo. Pennsylvania hutaka pia orodha ya vitabu vilivyosomwa kwa majina yake, na ni vigumu kuyakumbuka Juni mambo ya Oktoba.

Juu ya mitihani kuna mtego unaotunasa sisi hasa. Minnesota hudai mtoto wa miaka 7 hadi 16 afanye mtihani sanifu kila mwaka, na akiwa kwenye nafasi ya 30 kati ya 100, ukihesabu kutoka chini, au chini yake, mzazi amtafutie tathmini zaidi kujua kama ana tatizo la kujifunza. New York inataka avuke nafasi ya 33. Colorado kizingiti ni 13. Mzazi aliyezoea alama za kwetu akiona 41 anadhani mtoto amefeli na anaanza kutafuta fimbo. Ile si alama. Ina maana kwamba ukiwapanga watoto mia wa darasa lake, yeye amewapita 41. Kwa mtoto aliyefika nchini miaka miwili iliyopita, hiyo ni sababu ya kupika pilau.

Minnesota matokeo hayo huyapeleki wilayani. Unachopeleka ni ripoti kufikia Oktoba 1, au ndani ya siku 15 tangu kumtoa mtoto shuleni, na taarifa za chanjo. Waliokuja kama wakimbizi wana rekodi za chanjo walizopewa wakati wa safari na za kliniki ya mwanzo hapa. Toa nakala, usitoe ya asili.

Mambo ya kupima kabla hujamtoa

Kompyuta ya shule si shule ya nyumbani. Wengi huniambia wanasomesha nyumbani kumbe mtoto ameandikishwa shule ya serikali ya mtandaoni. Huyo kisheria ni mwanafunzi wa shule ya serikali: mahudhurio, mitihani na walimu ni vya shule, na hakuna hati ya kiapo. Hakuna ubaya, ila usichanganye kanuni za huku na za kule.

Ukimtoa, unaachia pia masomo ya Kiingereza kwa wageni, kifungua kinywa na chakula cha mchana cha bure, na kama ana mahitaji maalumu, sehemu kubwa ya huduma zake. Kinachobaki kinategemea jimbo. Kwa familia iliyofika juzi, na wazazi wote wawili wanafanya zamu kiwandani, mimi husema wazi: subirini. Sheria kuruhusu ni jambo moja, kuwa na mtu mezani saa nne asubuhi ni jingine. Na kama sababu ya kutaka kumtoa ni kwamba shule haikuelewi, fahamu kwamba shule za serikali zinatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Omba mkalimani wa Kiswahili kwenye kikao. Ni bure, na mtoto wako asitumike kutafsiri kesi yake mwenyewe.

Akija mtu mlangoni, awe wa shule au wa ustawi wa watoto, toka umsalimie, uliza jina na ofisi yake, na umwonyeshe nakala za karatasi zako. Kwa kawaida hana ruhusa ya kuingia ndani bila ridhaa yako, amri ya mahakama au dharura ya mtoto kuwa hatarini. Kusema "nitaongea nikiwa na mkalimani na wakili" si ujeuri. Miji mingi ina ofisi za msaada wa kisheria zisizotoza wenye kipato kidogo. Tafuta namba yao leo, mambo yakiwa shwari.

Mkihama

Anza upya kuanzia hatua ya 1, hata kama mmevuka mto tu kutoka Louisville kwenda upande wa Indiana. Waandikie mnakotoka kwamba mnaondoka, ili msihesabiwe watoro mahali msipoishi tena. Wakati mwingine hata kuhama ndani ya jimbo kuna masharti: Pennsylvania, ukihama wilaya moja ya shule kwenda nyingine katikati ya mwaka, unamwandikia superintendenti wa mnakotoka kwa rejista siku 30 kabla, ukiomba barua ya uhamisho ya kumkabidhi wa mnakokwenda. Barua hiyo, hati ya kiapo na kadi za kijani usizifunge kwenye maboksi ya lori. Zisafiri kwenye mkoba, pamoja na pasipoti.